Je, Ripoti ya Mtoto ni Usengenyaji?

Mwisho wa muhula mwalimu huandika habari za watoto wa watu. Huyu anasoma kwa ufasaha lakini insha haimalizi. Yule ana majibu yote mdomoni na karatasi yake tupu. Mwingine huchelewa kila Jumatatu. Kisha wazazi huitwa, na hayo yote yakasemwa kwa sauti hali mwenyewe hayupo. Katika dini yangu, kumtaja mtu kwa jambo asilopenda litajwe, naye hayupo, ni ghiba. Haiachi kuwa ghiba kwa sababu ni kweli. Ingekuwa uongo ingekuwa buhutani, dhambi nzito zaidi. Basi mwalimu anayemwambia mama kwamba mwanawe hajitumi, ametimiza wajibu au amekula nyama ya mtoto, kama Qur'ani inavyoifananisha ghiba?

Nafundisha Kiswahili na Somo la Dini ya Kiislamu katika sekondari msingi huku Kisauni, Mombasa, gredi ya 7 hadi ya 9, na swali hili nauliza kwa dhati. Baadhi ya wenzangu huliona dogo. Hoja yao ni kwamba mtoto si mukallafu, yaani hajafikia kubeba wajibu wa sheria ya dini, kwa hiyo hukumu za ghiba hazimhusu. Sikubali. Atakayeulizwa juu ya ulimi ni mwenye ulimi, nami ni mtu mzima. Tena watoto wa gredi ya 8 wana miaka 13 na 14. Wengi wamekwisha kubaleghe, na saumu ya Ramadhani kwao ni faradhi, hawafungi kwa kujizoeza. Sheria iliyowabebesha faradhi imewapa na hadhi yao. Hata asiyesoma fiqhi ataliona hili akikaa darasani. Mtoto wa gredi ya 2 akisemwa mbele ya mamake hulia, kisha akaenda kucheza. Wa gredi ya 8 halii. Hutazama dirishani, na muhula unaofuata hanyooshi mkono tena.

Wanavyuoni wameeleza wapi panaruhusiwa kumtaja mtu asiyekuwepo. Imamu Nawawi, aliyefariki Sham mwaka 1277, amezikusanya hali sita katika Riyadhu Swalihina, kitabu kinachosomeshwa katika darsa nyingi za misikiti ya pwani yetu. Aliyedhulumiwa anaweza kumshtaki aliyemdhulumu. Anayetaka ubaya uondoke anaweza kumweleza mwenye uwezo wa kuuondoa. Mwenye kuomba fatwa husimulia kisa chake. Anayeombwa ushauri juu ya ndoa, ushirika au amana husema anachokijua. Aliyetangaza maovu yake mwenyewe hutajwa kwa hayo aliyoyatangaza, na anayejulikana kwa lakabu yake tu hutajwa kwayo. Ripoti ya shule haimo humo kwa jina, lakini naona inapoingia: katika hali ya pili na ya nne. Namwambia mzazi kwa kuwa anaweza kurekebisha, na kwa kuwa mtoto ni amana mikononi mwake, nami nimeulizwa juu ya amana hiyo.

Sasa ruhusa ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayonishughulisha. Jambo ambalo mzazi hawezi kulifanyia chochote, sina ruhusa ya kulisema. Nikimwambia mama, “Huyu kichwa chake kizito,” atafanya nini? Atarudi nyumbani na uchungu, na uchungu huo utamfikia mtoto kabla ya chakula cha jioni. Nikimwambia, “Kugawanya namba za desimali kunamshinda, na kosa lake liko katika kuiweka nukta, mtume dukani, akirudi mwambie akuandikie hesabu ya chenji,” mama ana la kufanya leo. Mtoto ni yule yule na udhaifu ni ule ule. Maneno ya kwanza ni nyama ya mtu, ya pili ni nasaha.

Mtaala wa Umilisi, tunaoufuata shuleni sasa, umetupa ngazi nne za kumtaja mtoto: Kuzidisha Matarajio, Kufikia Matarajio, Kukaribia Matarajio, Mbali na Matarajio. Nazipenda kuliko mfumo tuliolelewa nao sisi. Lakini ngazi peke yake haimwambii mzazi kitu, na ndiyo maana wengi, wakishaisoma, huinua macho na kuniuliza, “Kwani amekuwa wa ngapi, mwalimu?” Nathubutu kusema hivi: tarajio lisilo na kazi ndani yake, iwe kazi ya mtoto, ya mzazi au yangu mimi, ni usengenyaji hata likiandikwa kwenye karatasi yenye muhuri wa shule. Kwa hiyo kila ninapoandika Mbali na Matarajio huandika chini yake jambo moja litakalofanywa, na nani atalifanya.

Swali la wa ngapi lina historia. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa kuanzia 1985 hadi 2023, katika miaka yake ya mwisho alama zikihesabiwa juu ya 500, na watu wa rika langu wanakumbuka siku za kufunga shule: majina yanasomwa paredi kuanzia wa kwanza mpaka aliyeshika mkia, wazazi wamejaa kwenye viti na chini ya miti. Hakuna aliyesema kwamba pale palikuwa na ghiba ya hadharani. Namba iliitakasa. Siku hizi paredi imehamia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kila muhula yupo anayeomba nibandike alama za darasa zima humo, “ili waone haya wajitahidi.” Sibandiki. Mzazi wa jirani hana uwezo wa kurekebisha desimali za mtoto asiye wake, kwa hiyo ile ruhusa ya Nawawi haimfikii. Sheria ya nchi nayo imetukuta njiani: tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nafurahi sheria ipo. Ila muumini hakupaswa kungoja faini.

Wazazi wa gredi ya 9 wana swali jingine, gumu zaidi. Wanataka niwaambie mtoto atakuwa nini. Siwalaumu. Baada ya gredi hiyo mtoto anaelekezwa kwenye njia mojawapo ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtihani wa KJSEA wa mwisho wa gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza 2025, unabeba asilimia 60 ya hesabu; asilimia 20 inatoka kwenye tathmini ya gredi ya 6, na 20 nyingine kwenye tathmini tunazozifanya sisi walimu gredi ya 7 na ya 8. Kalamu yangu imo humo. Naiogopa, na naona ni vyema niiogope. Sura ya An-Nisaa inaamrisha ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi yako au jamaa zako, awe anayehusika ni tajiri au fukara, na siwezi kumpandishia alama mtoto kwa sababu babake ndiye aliyetuletea madawati.

Shahidi, hata hivyo, husema alichokiona. Kesho ya mtoto hatukuiona sisi. Ni ghaibu, na ghaibu ina mwenyewe. Waandishi wa maisha ya Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, wanasimulia kwamba babake alikuwa mtu asiye na elimu, na alipokaribia kufa alimwachia rafiki yake sufi watoto wake wawili na fedha kidogo. Fedha zilipokwisha, yule rafiki, fukara naye, akawashauri wakaingie madrasa, kwani huko wanafunzi walipewa riziki. Waliingia kwa ajili ya chakula. Nikifikiria ripoti ambayo mwalimu wa madrasa ile angeiandika muhula wa kwanza, naona angeweza kuandika kweli tupu: kijana huyu hana ari ya elimu, amefuata mkate. Na kijana huyo ndiye Ghazali aliyekuja kuandika kitabu cha Ihya. Kweli ya siku ile ingekuwa kweli ya siku ile tu. Ndiyo sababu naandika “mpaka sasa” katika kila ripoti, na mzazi akinisukuma nitabiri, namrudisha kwenye yale mtoto aliyoyafanya wiki hii.

Darasani mwangu kuna watoto Wakristo pia, na mimi ndiye mwalimu wao wa darasa. Mzazi mmoja, mwinjilisti wa kanisa la mtaani, aliwahi kunionyesha kwamba Waraka wa Yakobo, katika sura ya 3, huanza kwa kuwaonya walimu juu ya hukumu iliyo kali zaidi kwao, kabla ya kuugeukia ulimi na madhara yake. Tulizungumza siku ile mpaka bawabu akaja kufunga lango. Hatukuwa na tofauti juu ya jambo lenyewe.

Kutokana na hayo nimeweka sharti ambalo huwaeleza wazazi mapema: tukimzungumzia mtoto, mtoto awepo. Ana haki ya kusikia anachosemewa na ya kusema, “Hapana, mwalimu, haikuwa hivyo.” Sharti hili limeondoa sehemu kubwa ya wasiwasi wangu, ingawa halijaondoa wote. Wako watoto ambao ukweli ukimfikia baba, mkanda hutoka kiunoni. Shuleni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imetukataza kumpiga mtoto. Nyumbani sina mamlaka. Mwenzangu mmoja, mcha Mungu kuliko mimi, anashikilia kwamba baba ndiye walii wa mtoto, na kumficha habari za mwanawe ni khiyana. Namheshimu, na bado naona ruhusa ya kusema ilitolewa kwa ajili ya kurekebisha, kwa hiyo haimfikii anayejulikana kwamba atavunja. Lakini nani anijuze kwamba atavunja? Alama za mgongoni ninaziona. Nia ya baba siioni.

Muhula huu ninaye mtoto wa namna hiyo. Babake amepiga simu akitaka ripoti asomewe hapo hapo. Nimemwambia kwa simu sisomi, aje Jumamosi, na mtoto atakuwepo. Nimemwomba nyanya wa mtoto, aliyemzaa baba huyo, aje pia, kwa kuwa ndiye ambaye baba humsikiliza. Mtoto nimekwisha kumsomea kila neno, na mstari mmoja ameomba niueleze mimi, si yeye. Nimekubali.