Hema Juu ya Jiwe



Mwezi huu wazee wa kanisa tumekubaliana kuwaandikia juu ya kambi ya vijana wetu, kwa kuwa jambo lililotokea huko lilitugusa sisi walezi kuliko lilivyowagusa vijana. Tulikwenda kuwafundisha, tukarudi tumefundishwa.

Mwaka 2025, shule zilipofungwa mwezi wa Juni, tuliwachukua vijana 31 pamoja na walezi 4 kwenda Mwanza kuiona Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Wengi wao hawajapata kuona hifadhi yoyote, na hii ni ya karibu. Imo ndani ya jiji lenyewe, na mtu akitoka Capri Point kwa boti hufika kwa dakika chache tu. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Ziara yetu kisiwani ilikuwa ya mchana, boti ya asubuhi kwenda na boti ya jioni kurudi. Kwa hiyo ilitupasa kutafuta mahali pa kulala mjini. Fedha ya nyumba za wageni kwa watu 35 hatukuwa nayo. Tulikuwa na mahema matatu ya kuazima, maturubai mawili makubwa, sufuria, na ahadi ya uwanja wa kupiga kambi.

Safari ilikuwa njema. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilikuwa limefunguliwa tarehe 19 mwezi ule ule, na vijana waliimba tangu mwanzo wa daraja hata mwisho, yapata kilomita 3 juu ya maji, mahali ambapo sisi wakubwa tumezoea kungoja kivuko juani. Lakini tulipofika mahali tulipoahidiwa, jua likiwa linazama, tulikuta geti limefungwa. Mlinzi hakuwa na habari zetu. Alikuwa mtu mwenye adabu, akapiga simu mara mbili, kisha akatuambia kwamba wenyewe wamesema haiwezekani, kwa sababu hawapokei watu wa kulala nje. Tulishukuru, tukaondoka. Ndugu zetu, mtu aliyepata kusimama barabarani na watoto wa wenzake 31 huku giza likiingia anajua moyo unavyokuwa.

Kijana mmoja wa bodaboda alituuliza tunatafuta nini. Tulipomweleza, alituongoza kwa bibi mmoja mchuuzi wa dagaa, ambaye nyumba yake iko mlimani katikati ya majabali, kama nyumba nyingi za Mwanza zilivyo. Tulimkuta amemaliza kuswali Magharibi, mkeka bado haujakunjwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbona wengi hivyo?"

Tulimweleza shida yetu. Hakuuliza dini yetu, ingawa kola ya mchungaji ilionekana. Alituonyesha uwanja nyuma ya nyumba, akatuonyesha choo na pipa la maji, akasema, "Uwanja wenyewe ni mawe matupu. Lakini jiwe halimfukuzi mtu. Karibuni."

Ni kweli ulikuwa mawe matupu. Tulipoanza kupigilia vigingi, kigingi cha kwanza kilipinda, cha pili kikapinda, cha tatu kikaruka na kupotea gizani. Upepo wa ziwa ukaanza kuvuma, na hema la kwanza likaanguka juu ya mchungaji. Vijana walicheka, nasi tukacheka nao, ila mioyoni tulikuwa na hofu.

Ndipo mtoto mmoja wa miaka 13 akaomba kamba. Ni mtoto mkimya. Aliletwa na mwanafunzi mwenzake katika darasa la Jumapili, na mama yake hatukuwahi kumwona ibadani. Akaifunga ncha ya kamba kwenye jiwe dogo, akalilaza chini, akaita wenzake wawili wakaliegemezea jiwe kubwa kwa mbele. Akaivuta kamba. Haikutoka. Akaenda pembe ya pili, na ya tatu. Kwa muda wa nusu saa mahema yote matatu yalikuwa yamesimama, na maturubai yamefungwa vizuri juu ya wasichana, na hakuna kigingi hata kimoja kilichotumika.

Mzee mmoja wetu akamwuliza, "Mwanangu, nani kakufundisha kazi hii?"

Akajibu, "Mama. Tulipofika kwenye mfumuko, chini palikuwa mwamba, vijiti haviingii."

"Mlikaa hapo siku nyingi?"

"Mpaka mvua zilipokwisha. Kwanza Mama aliomba tulale penye uzio. Wakasema hapana, kwa ajili ya usafi."

Alilisema bila uchungu wowote, kama mtoto anayesimulia habari za shule, kisha akaenda kula ugali wake. Sisi tulibaki tumesimama. Hatukumwuliza ni uzio wa nani. Tuliogopa jibu.

Yatupasa sasa kuwaeleza sababu ya woga ule. Mwaka 2023 dhahabu ilionekana karibu na mtaa wetu, na kama ijulikanavyo katika nchi yetu hii, habari za mfumuko hukimbia kuliko gari. Kwa muda mfupi watu wengi walifika. Maduara yakachimbwa, makarasha yakaanza kunguruma, na maturubai ya buluu yakatandazwa kila mahali. Jioni moja ya mvua alikuja mama mmoja na watoto wake wawili, mume wake akiwa shimoni. Aliomba afunge turubai lake ndani ya uwanja wa kanisa kwa siku chache. Wazee tulikuwa na kikao siku hiyo. Tulizungumza kwa muda mrefu. Uzio ulikuwa umetoka kupakwa rangi. Wengine walihofia wezi, wengine walisema akiingia mmoja wataingia mia. Mwisho tulimpa shilingi 5,000 na maneno mazuri. Muhtasari wa kikao upo katika daftari, na sababu tuliyoiandika ni neno moja tu: usafi.

Je, ndiye mama wa mtoto huyu? Usiku ule hatukujua. Lakini dhamiri haihitaji kujua jina. Sisi tuliofukuzwa kwa upole getini saa kumi na mbili jioni, tulikuwa tumemfukuza mwingine kwa upole ule ule, tena mvua ikinyesha.

Asubuhi tulikwenda kisiwani. Wapendwa, kile kisiwa chenyewe ni mahubiri. Jina lake limetokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, aliyekuwa mwenye kisiwa hicho. Mwaka 1964 serikali ilikichukua ili kuanzisha bustani ya kwanza ya wanyama nchini, naye akahama. Jina likabaki, mtu akaondoka. Wanyama nao walioletwa pale hawakuletwa wote ili wakae, kwa maana kisiwa kilitumika pia kama kituo cha kuwaweka wale waliokuwa wakipelekwa Rubondo, kisiwa kilichopo leo katika mkoa wetu wa Geita, ambacho kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Saanane yenyewe ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Basi tangu mwanzo kilikuwa mahali pa wapitao. Mwenyewe alipita, na wanyama walipita.

Vijana waliona swala pala, wakaona tumbili, na kenge akiota jua. Lakini sisi tulisimama muda mrefu mbele ya pimbi. Mnyama mdogo huyu, asiye na pembe wala kucha za kutisha, alikuwa amekaa mlangoni pa ufa wa mwamba akitutazama bila hofu. Biblia yetu humwita wibari. Someni Mithali 30:26 na Zaburi 104:18. Mwenye hekima anamtaja miongoni mwa viumbe wadogo wenye akili, kwa kuwa hana nguvu, ila amejua mahali pa kukimbilia. Na mtunga zaburi anasema kwamba ni Mungu aliyempangia majabali yale. Tulipokuwa tukimtazama tulimkumbuka mtoto yule na kamba yake. Mnyonge amefundishwa na Mungu kushikamana na mwamba, nasi wenye nyumba za bati tulikuwa tukihangaika na vigingi vilivyopinda.

Ndugu, Maandiko hayalidharau hema. Ibrahimu aliketi mlangoni pa hema yake wakati wa jua kali, akawakimbilia wageni watatu asiowajua (Mwanzo 18). Daudi alipotaka kumjengea Mungu nyumba ya mierezi, Mungu alimkumbusha kwamba tangu Misri amekuwa akitembea hemani pamoja na watu wake (2 Samweli 7). Na Israeli walipokwisha kupata nchi na nyumba, waliamriwa wakae vibandani siku saba kila mwaka (Walawi 23), ili watoto wao wasisahau walikotoka. Mungu alijua kwamba mtu akipata ukuta wa matofali husahau upesi turubai. Ndiyo maana mwandishi wa Waebrania, katika sura ya 13, anatukumbusha mambo mawili karibu karibu: kwamba tusisahau kuwakaribisha wageni, na kwamba sisi wenyewe hapa duniani hatuna mji wa kudumu. Ukilisahau la pili, utalikataa la kwanza. Anayejidhania kuwa mwenyeji wa milele humwona kila mpitaji kuwa uchafu.

Tena fikirini nchi yetu. Shinyanga na Geita ni nchi ya wahamaji. Mama zetu na baba zetu wengi walikuja kwa pamba, kwa ng'ombe, kwa almasi za Mwadui, au kwa dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka 1966, nao mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Kila mara watu walikuja na kuondoka. Huko Bulyanhulu, mwezi Agosti 1996, maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa katika maeneo yao. Nani kati yetu anaweza kusema kwamba babu yake hakulala katika kibanda ugenini? Wahenga hawakukosea waliposema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Usiku ule Mwanza, bibi yule alitupa uwanja, lakini aliyeponywa tulikuwa sisi.

Tuliporudi nyumbani, wazee watatu walikwenda kwa mama wa yule mtoto. Alitukaribisha, akatoa viti kwa jirani, akatupa maji. Tulimwambia yaliyotupata, tukamwomba radhi. Akasema hayo yamepita. Hakututajia ni uzio gani, nasi hatukumlazimisha. Tulitubu kwa lile tulilolijua, na kwa lile tusilolijua. Mpaka tunapoandika haya bado hajaja ibadani, wala hatumlaumu. Mtoto anaendelea kuja.

Basi kikao cha wazee kimeamua hivi. Pembe ya mashariki ya uwanja wa kanisa, karibu na mwembe, itasafishwa na kuwekwa kwa ajili ya wapitao wenye shida, hasa akina mama wenye watoto. Tutajenga choo cha matundu mawili na banda la bati lisilo na kuta, ambalo mtu aweza kufunga turubai lake. Mgeni atalala hadi siku tatu, jina lake litaandikwa daftarini, na mwenyekiti wa kitongoji atapewa taarifa. Tumeyaweka haya kwa kuwa wale waliohofia wezi hawakuwa wapumbavu, na upendo hauna ugomvi na utaratibu. Lakini utaratibu ni wa kumpokea mgeni vizuri. Usigeuzwe kuwa njia ya kumkataa kwa adabu.

Twaomba kila nyumba ilete ilichojaliwa: bati moja, mfuko wa saruji, au mikono miwili siku ya Jumamosi. Umoja wa Akina Mama wamekubali kupika uji. Vijana wamekubali kuchimba, na kazi ya kufunga kamba tumempa yule mtoto, kwa kuwa hakuna mzee anayeijua kama yeye.

Nanyi mlio katika mitaa mingine, ulizaneni: mgeni akija kwenu jioni na turubai lake, hulala wapi? Msijibu upesi. Fungueni kwanza daftari la vikao vyenu.

Bwana aliyekaa hemani kati ya watu wake, na ambaye alipozaliwa hakupata nafasi katika nyumba ya wageni, awape mioyo yenye mlango wazi, leo na siku zote. Amina.

Wazee wa Kanisa