Kiitikio Kiombacho Baraka

Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, alitunga wimbo wa kuomba baraka. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, iliitwaa sauti yake kuwa wimbo wa taifa.

Angalieni kiitikio chake: hakimsifu mfalme, wala hakimtishi adui. Chaomba tu, nacho chatuhesabu sote kuwa watoto. Basi, aombaye hivyo awezaje kumnyima jirani salamu kwa kuwa ni wa kabila jingine? Yakobo atuonya kwamba haifai kinywa kimoja kutoa baraka na laana.

Tusimamapo kuimba, na tujiulize: ni nani tuliyemwacha nje ya sala hii? Twende tukapatane naye kabla jua halijachwa. Amin.