Dhima ya Mwenye Kunasihi

Kazi ya dagaa katika Ziwa Tanganyika ina kalenda yake, ambayo kila nyumba ya mialo ya Kibirizi na Katonga huijua: usiku wa giza mitumbwi hutoka na taa zake, na mbalamwezi ikikomaa wavuvi hupumzika. Alfajiri za giza dagaa hawangoji, wasipoanikwa mapema huharibika, na mikono iliyo karibu zaidi na mama mwenye kuanika ni ya mwanawe. Jina lake linaposomwa darasani, haitiki mtu.

Kosa ni la nani? Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 ilimtwisha mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto anahudhuria shule, na tangu mwaka 2016 ada ya shule za umma imeondolewa hata kidato cha nne, basi ni rahisi kukata hukumu kwamba mzazi hana tena udhuru. Naona hukumu hiyo ina haraka, ijapokuwa simwondolei mzazi dhima yake hata kidogo, maana mtoto ni amana wala si mali, na asubuhi zake ni haki yake.

Lakini amana hiyo haina mchunga mmoja. Madhali Uislamu, ambao Ujiji, mji wa pwani hiyo, umekua nao, umeiweka nasaha katika kiini cha dini, jirani na mwalimu nao wataulizwa. Na aendaye kupiga hodi kwa mzazi, akasalimu, akakemea, kisha akaondoka, ameacha lawama tu. Mnasihi wa kweli huja kabla siku za giza hazijaingia, husikiliza kwanza wazee wa nyumba, huuliza ni nani atakayeanika, hutafuta mtu mzima wa kushika zamu ile, na humwomba mwalimu amfidie mtoto masomo yaliyompita. Yaani hukubali kuchukua sehemu ya taabu ambayo ametaka wengine waibadili.

Na mtoto mwenyewe asisemwe kana kwamba hayupo. Kijana wa miaka 14 aliyekwisha kuonja fahari ya kuleta kitoweo nyumbani huona darasa kuwa ni kurudishwa utotoni. Huyo ataka mtu mzima akiri kwanza kwamba kazi yake ni kazi, kisha aketi naye wapige pamoja hesabu ya debe, bei na gharama ya mafuta, hata afike mwenyewe pale ambapo hesabu aijuayo imekoma.