Miguu hukodishwa, jina la baba haliuzwi

Vijana ninaowafundisha somo la dini hapa Usa River wana swali moja ambalo halimo katika mtaala, lakini hulirudia kila wanaposikia habari za riadha. Je, ni halali mtu kuacha uraia wa nchi yake na kwenda kukimbia chini ya bendera ya nchi nyingine kwa ajili ya fedha? Na kama nchi hiyo ni ya Kiislamu, na inampa mkimbiaji huyo jina la Kiislamu, je, hiyo si kheri juu ya kheri?

Ndugu msomaji, hili si swali la mzaha. Huku kwetu chini ya Mlima Meru riadha ni mlango wa riziki. Alfajiri, watu wanapotoka msikitini, tayari wapo vijana wanaokimbia kandokando ya barabara kuu iendayo Moshi. Wengi hawana ajira wala mfadhili. Siku mtu akija na mkataba mkononi, kijana wa namna hii hatakuwa na muda wa kuuliza maswali. Basi ni juu yetu kuyauliza mapema.

Tuanze na kisa kinachojulikana. Stephen Cherono alizaliwa mwaka 1982 huko Keiyo, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 2002 aliipatia Kenya medali ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester, mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mwaka uliofuata akachukua uraia wa Qatar na jina likabadilika, akawa Saif Saaeed Shaheen. Magazeti ya wakati ule yaliripoti kwamba aliahidiwa dola zisizopungua 1,000 kila mwezi kwa maisha yake yote. Agosti 2003, wiki chache tu baada ya kuhama, aliibuka bingwa wa dunia mjini Paris akiwa na jezi ya Qatar. Katika fainali hiyohiyo kaka yake, Abraham Cherono, alikuwa akikimbia kwa ajili ya Kenya.

Mwaka 2004 mjini Brussels alivunja rekodi ya dunia kwa kutumia dakika 7 na sekunde 53.63, na rekodi hiyo ikadumu hadi mwaka 2023. Lakini Olimpiki ya Athens ya mwaka huohuo wa 2004 hakukimbia. Kanuni zilimtaka aliyehama asubiri miaka mitatu isipokuwa nchi yake ya zamani iridhie, na Kenya haikuridhia. Medali zote tatu za mbio zake zilikwenda kwa Wakenya. Mwaka 2005 alitetea ubingwa wa dunia mjini Helsinki, kisha majeraha yakamwandama. Medali ya Olimpiki hakuipata kamwe.

Kisa hiki kilizua kauli za aina mbili. Wako waliosema huyu ni msaliti, ameuza nchi. Na wako ndugu zetu Waislamu waliofurahi: nchi ya Kiislamu imepata bingwa, na jina la Kiislamu limetangazwa duniani. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yamekosea, kila moja kwa upande wake.

Tuwaangalie kwanza wanaosema usaliti. Sheria yetu haikatazi mtu kukodisha nguvu zake kwa mgeni. Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi, aliajiriwa na mzee wa huko kwa mapatano ya miaka minane, na kumi kama akipenda kutimiza, na Qur'an inakisimulia kisa hicho bila lawama yoyote (28:26-28). Wala hapana dhambi katika kuhama. Kalenda yetu yenyewe huhesabiwa tangu Mtume (s.a.w.) alipohama mji aliozaliwa na kuupenda.

Tena tuitazame hali halisi. Kenya ina wakimbiaji wengi wenye uwezo wa kushinda dunia, lakini katika Olimpiki kila nchi hupewa nafasi zisizozidi tatu kwa mbio moja. Wa nne na wa tano hubaki nyumbani, hata kama wanawazidi mabingwa wa nchi nyingine. Mtu huyu miguu yake hudumu miaka kumi hivi, kisha basi. Kumwambia akae afe njaa kwa heshima ya bendera ni rahisi kwa anayepokea mshahara kila mwezi.

Na tusisahau kwamba nchi nayo huchukua. Filbert Bayi, mwana wa Karatu katika mkoa wetu huu wa Arusha, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 mjini Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Mwaka 1976 Tanzania ilijiunga na nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Bayi hakukimbia. Alikuwa na umri wa miaka 23, katika kilele cha nguvu zake. Miaka minne baadaye, mjini Moscow, alipata medali ya fedha, tena katika mbio hizohizo za kuruka viunzi na maji.

Mimi naiheshimu sana sadaka ile, kwani ilitolewa kwa ajili ya wanyonge waliokuwa wakidhulumiwa. Lakini sadaka ya namna hiyo ina thamani pale inapotakiwa kwa ajili ya haki. Nchi ikimtelekeza mchezaji wake miaka yote, kisha ikakumbuka uzalendo siku anapoondoka, hapo imekosa haki ya kumwita msaliti.

Sasa tuje kwa ndugu zetu waliofurahi. Hapa ndipo penye uzito, maana ndipo dini yetu inapotajwa.

Cherono halikuwa jina la kuokota. Katika mila za Wakalenjin jina humweleza mtoto alizaliwa wakati gani, na Cherono ni katika majina ya jioni, pale mbuzi wanaporudi zizini. Ni jina alilolichangia na kaka yake. Saif Saaeed Shaheen nayo ni maneno mazuri: upanga, mwenye furaha, na ndege kozi wa kuwindia. Hapana ubaya katika maneno hayo. Tatizo ni kwamba jina lilikuja pamoja na hati ya kusafiria na malipo, kama namba ya kifuani inavyokuja pamoja na jezi.

Uislamu unasemaje kuhusu majina? Mtume (s.a.w.) aliyabadilisha majina yenye maana mbaya. Mwanamke aliyeitwa Aasiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Lakini Umar, Khalid na Bilal walisilimu na majina yao waliyopewa zama za ujahili, wakafa nayo. Bilal aliendelea kuitwa Mhabeshi na Suhayb akaendelea kuitwa Mrumi, na hakuna aliyeona kwamba nasaba zao zinaupunguzia Uislamu heshima.

Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha Zayd bin Haritha (r.a.). Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, na hatimaye akafika mikononi mwa Mtume (s.a.w.) kabla ya utume. Baba yake Haritha alimtafuta mpaka akampata Makka, akaja na fedha ya kumkomboa. Zayd akapewa hiari, naye akachagua kubaki. Mtume akamtangaza mbele ya watu kuwa ni mwanawe, akawa anaitwa Zayd bin Muhammad. Ndugu msomaji, lizingatie jambo hili. Hapa hapakuwa na mshahara. Alibaki kwa mapenzi, na fedha iliyokuwepo ilikuwa ni ya kumrudisha kwao. Je, yupo mtu aliyestahili kubadilisha jina la ukoo zaidi ya huyu? Pamoja na hayo ikashuka aya katika Suratul-Ahzab kuamrisha kwamba watoto wa kupanga waitwe kwa baba zao, kwani hilo ndilo la uadilifu zaidi mbele ya Allah (33:5). Akarudi kuitwa Zayd bin Haritha. Na ni yeye peke yake, katika masahaba wote, aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'an (33:37).

Kama jina la Haritha, mtu wa kabila la mbali, halikufutwa hata kwa ajili ya kuitwa mwana wa Mtume, kwa hoja gani jina la mzee wa Keiyo lifutwe kwa ajili ya mbio za mita 3,000?

Atasema mtu: karatasi za serikali si nasaba, na mkimbiaji hakudai kuwa na baba mwingine. Ni kweli, na ndiyo maana siwezi kumhukumu yeye. Mwingine atasema: mbona wanaosilimu huchagua majina mapya nasi tukafurahi? Hilo nalo ni kweli, lakini kuna tofauti. Cassius Clay alipojiita Muhammad Ali mwaka 1964, alilikataa jina la zamani kwa kuliona ni la utumwa. Mwaka 1967 alivuliwa ubingwa kwa kukataa kwenda kupigana Vietnam, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana ngumi. Jina lile alililipia. Mtu anayelilipia jina ametuonyesha kwamba lina uzito kwake. Mtu anayelipwa ili alichukue hatuwezi kumdai uzito wowote, maana hata aliyempa hakumdai.

Ushahidi wa hili ni mkimbiaji mwingine wa Kenya, Leonard Mucheru, aliyehamia Bahrain akawa Mushir Salem Jawher. Januari 2007 alikwenda kukimbia marathoni ya Tiberias, nchini Israel, akashinda. Bahrain ikamvua uraia. Waislamu wengi waliona amestahili, na uchungu wetu kuhusu Palestina unaeleweka. Lakini tujiulize kwa uadilifu: katika miaka ile yote, ni nani aliyemkalisha chini akamfundisha jina alilopewa lina maana gani na linambeba nani? Miguu ilinunuliwa, moyo haukushughulikiwa. Kisha miguu ilipofuata fedha, jambo lilelile iliyonunuliwa kwalo, wenye mali wakashangaa. Naye akabaki amepoteza jina la kukodi, wakati jina la kwao alishaliweka pembeni. Wakati huo Kenya ilikuwa hairuhusu uraia wa nchi mbili. Ruhusa hiyo ilikuja na katiba ya mwaka 2010.

Wala haikuwa lazima iwe hivyo. Wilson Kipketer alihama Kenya kwenda Denmark, akavunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997, akabaki Kipketer. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Albania, nchi ya Balkani yenye Waislamu wengi, ilipata medali za Olimpiki za kwanza katika historia yake. Zilikuwa shaba mbili za mieleka ya mtindo huru, na waliozileta ni Chermen Valiev na Islam Dudaev, wote wazaliwa wa Urusi. Albania ilichukua nguvu zao, ikawaachia majina yao. Na Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu, anayefanya mazoezi hapahapa Arusha, aliipatia Tanzania ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48. Wa pili alipewa muda huohuo, ikabidi picha iamue. Huyo ni Amanal Petros wa Ujerumani, mzaliwa wa Eritrea. Wa tatu ni Iliass Aouani wa Italia, mzaliwa wa Morocco. Bendera tatu, watoto watatu wa Afrika, na kila mmoja alitangazwa kwa jina lake.

Sisi Waislamu wa nchi hizi tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Wazee wetu wametusimulia jinsi baadhi ya watoto wa Kiislamu zama za ukoloni walivyoingia shule za misheni wakiwa na jina moja wakatoka na lingine, kwa sababu elimu ilikuwa na bei yake. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Basi haiwezekani tendo lilelile liwe dhulma tunapotendewa sisi, kisha liwe daawa anapotendewa kijana wa Kikalenjin. Dini isiyokubali mtu alazimishwe kuingia haiwezi kufurahia mtu aliyeingizwa kwa mkataba. Anayetaka Shaheen awe Muislamu na amfundishe, amfanyie wema, kisha amwachie hiari. Kama akisilimu na akapenda kuitwa Saif, tutampokea kwa mikono miwili, na baba yake atabaki kuwa baba yake.

Kwa vijana wetu wa Usa River na kwingineko jibu langu ni hili. Kukimbilia nchi nyingine si haramu kwa nafsi yake. Lakini tangu mwaka 2018 kanuni za riadha duniani hazimruhusu mtu kuhamia nchi mpya kabla ya kutimiza miaka 20, zinamtaka asubiri miaka mitatu, na hawezi kuhamia nchi mpya zaidi ya mara moja. Tanzania nayo hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Kwa hiyo usitie saini peke yako. Mwite mzazi, na mwite mtu anayejua sheria. Uliza utalipwa nini siku mguu utakapouma. Uliza pia kama watakuita jina la baba yako. Wakikataa hilo, ujue wanachonunua ni zaidi ya miguu, na hicho si chako peke yako hata ukiuze.

Wallahu a'alam.