Mshipa ukiruka, habari ni ya nani?

Katika desturi zetu za huku Kivu, mwili wa mtu hauko kimya. Kope ya juu ikicheza, utaona mtu uliyemkosa siku nyingi; kope ya chini ikicheza, machozi yako karibu. Unyayo ukiwasha, kuna safari. Tusiseme yote, maana kila kilima kiko na kamusi yake: kwa wamoja upande wa kuume ndio wa heri, kwa jirani zao ni kinyume. Lakini kila mahali koko alikuwa anauliza kwanza: "Upande gani?" Ndipo anajibu. Wasomaji wa kijitabu hiki wanayajua hayo tangu utoto. Swali letu ni lingine: ile habari iliyo ndani ya mguu wa kijana, ni ya nani? Na nani ana haki ya kuisoma?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kijana mmoja wa mwaka wa sita sekondari, akiwa anatayarisha Egzetat, alitufuata nyuma ya masomo akasema: "Mwalimu, nyama ya mguu inaruka yenyewe. Na huku mukononi nasikia kitu inapiga, pu, pu, kama moyo." Tulimjibu mbele ya wenzake kwamba ni woga wa egzame, aende kulala. Wenzake wakacheka. Sisi pia tulicheka kidogo.

Jibu lile lilikuwa la kweli. Nyama ya mwili inaongozwa na mishipa ya fahamu, na mshipa uliochoka unaweza kutuma amri ambayo hakuna aliyeiomba. Usingizi ukipungua, kahawa ikizidi, mtu akifanya kazi ngumu pa jua bila kunywa maji, ao akiwa na mashaka mengi, basi nyama ndogo za mguu, za kope, za mkono zinaanza kucheza. Mara nyingi zinaacha zenyewe. Na lile pigo la "pu, pu" ni damu tu: ukikaa umepandisha goti moja juu ya lingine, utaona mguu wa juu unatikisika kidogo, maana nyuma ya goti kunapita mshipa mkubwa unaofuata mwendo wa moyo. Wanafunzi wetu wa biolojia wanajua pia habari ya Luigi Galvani wa Bologna, huko Italia, aliyetangaza mwaka 1791 majaribio yake: miguu ya chura aliyekwisha kufa iliruka ilipoguswa na umeme. Chura amekufa, na mguu unaruka. Ule mguu ulikuwa unamletea nani habari?

Ndiyo, jibu letu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa fupi, na lilitolewa katika kicheko. Yule kijana alikuwa anataka mtu wa kumsikiliza. Alimpata kwingine. Nyumbani walimwuliza lile swali la zamani, upande gani. Akasema wa kushoto. Kutoka hapo akapelekwa katika chumba cha maombi, na huko swali likabadilika. Halikuwa tena "upande gani", likawa "nani". Nani anamfunga huyu mtoto asipate diploma? Katika ile nyumba mulikuwa binamu yake, msichana wa miaka kumi na moja, yatima, aliyekula kidogo na kusema kidogo. Macho yote yakamwangukia. Kwa muda wa majuma mawili alilala nje jikoni.

Hapa tunataka kutofautisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Koko aliyesema "kuna mgeni anakuja" hakumwumiza mtu. Mgeni asipokuja, walicheka, basi. Alimpa kijana kitu ambacho sisi wenye diploma tulikosa kumpa: alikaa chini, alishika mguu, aliuliza. Lakini anayesoma katika mguu wa mmoja kosa la mwingine, huyo hafuati tena desturi ya koko. Tena anavunja sheria, maana Katiba yetu ya 2006, katika kipengele cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka kifungo. Ni watu wangapi katika avenyu zetu wanaoijua?

Wengine watatuambia: ninyi waalimu munadharau kila ishara. Hapana. Kuna ishara za kuogopa. Kule Kwango kuna ugonjwa unaoitwa konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Miguu ya mtoto ao ya mama kijana inakuwa mizito, inatetemeka, inakazana kwa ghafula, na haitapona kabisa. Watu wengi waliona ni kamba ya mchawi. Kumbe ni mihogo mikali isiyoloweshwa siku za kutosha, ikiliwa karibu peke yake, bila samaki, nyama ao maharagi. Na hata hapa kwetu Kivu ya Kusini, huko Burhinyi, ugonjwa huo ulionekana katika nyakati za vita, watu walipokosa chakula na usalama. Basi mguu ukikosa nguvu, ukikazana, ao kijana akianguka na kupoteza fahamu, twende kituo cha afya siku ile ile. Mwili ulikuwa unasema kweli, ila ulisema juu ya sahani na juu ya vita. Jina la jirani halikuwemo.

Nyuma ya egzame mguu wa yule kijana uliacha kuruka. Nyumbani walisema ni maombi. Sisi tulisema ni usingizi. Msichana alirudishwa kulala ndani, bila neno lolote, kama vile mtu anavyorudisha kiti. Siku moja tulimwuliza kijana kama alikwisha kumwomba binamu yake msamaha. Alitushangaa.

"Lakini Mwalimu, mimi sikusema kitu."

Na ni kweli, hakusema kitu.