Orodha Isiyo na Kwao

Tumezoea kuamini kwamba kupanga majina kwa alfabeti ni kutenda haki. Hakuna aliyependelewa, tunasema, herufi ndizo zilizoamua. Mimi siku hizi nina shaka, na walionitia shaka si wanafalsafa. Ni amri ndogo ya kompyuta iitwayo sort.

Ipe majina manne ambayo ungeweza kuyakuta Kapalamsenga, kule Katavi ambako Wabende, Wafipa na Wasukuma wanachanganyika: Zuberi, Ngusa, Ng'wandu, na amina, huyu wa mwisho kaandikwa kwa herufi ndogo kwa sababu mwandishi alikuwa na haraka. Ukiweka LC_ALL=C, utapata Ng'wandu, Ngusa, Zuberi, halafu amina mkiani. Weka sw_TZ.UTF-8, yaani Kiswahili cha Tanzania, kama kompyuta yako inao, na amina anapanda mpaka juu. Majina ni yaleyale.

Kwa nini? C haisomi majina, inalinganisha namba. Katika kanuni ya ASCII, A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97. Kanuni hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1963 bila herufi ndogo. Toleo la 1967 ndilo lililozipa nafasi, nyuma ya zile kubwa. Basi amina anakaa nyuma ya Zuberi kwa sababu ya uamuzi wa watu ambao hawakuwa wakimfikiria yeye wala Zuberi.

Na Ng'wandu je? Ritifaa iliyonyooka ni namba 39, kwa hiyo inamtanguliza. Lakini akiandikwa kwa simu inayoweka ritifaa iliyopinda, C inamshusha chini ya Ngusa. Tena kwa mashine hao sasa ni watu wawili.

Utasema, kukaa mwisho kwenye orodha kuna ubaya gani? Sawa. Lakini linganisha orodha mbili kwa amri ya comm, moja imepangwa kwa C, nyingine kwa Kiswahili. Mtu aliyemo kwenye zote mbili anaweza kuonekana hayumo. Mashine huenda ikalalamika kwamba faili halijapangwa, ila nani husoma malalamiko ya mashine? Kama ni orodha ya mbolea ya ruzuku, huyo anarudi nyumbani mikono mitupu, na hakuna aliyemchukia.

Wapo wanaoisifu C kuwa haina upande. Ina upande, sema tu haujitaji. Si vibaya kuitumia: orodha mbili zikilinganishwa, zote zipangwe kwa C. Orodha ya kusomwa na watu ipangwe kwa lugha yao. Na kitu kikiwa hakitoshi, tuache kabisa alfabeti, tupige kura, maana hata Kiswahili sanifu kitamweka Zuberi mwisho kila mwaka, na yeye hajakosa lolote isipokuwa kuitwa Zuberi.