Mtu Asiye na Amri

Karibu kila mahali pa kazi yupo mtu ambaye wenzake humwendea kabla ya kumwendea mkuu. Anaweza kuwa karani wa masjala, au muuguzi wa zamu ya usiku, au mwalimu asiye na cheo chochote shuleni. Akisema jambo, mkutano hutulia. Hakuna waraka uliompa uwezo huo, wala hakuna uhamisho wa cheo utakaomnyang'anya. Ameupata wapi?

Tutasema anajua mengi, lakini wajuzi wasiosikilizwa wamejaa tele. Tutasema anajuana na watu. Zama hizi zinalipenda sana jibu hilo: tunahimizwa kuhudhuria hafla, kubadilishana namba za simu, kupanua mtandao. Sidharau kujuana. Hata hivyo, kujuana hukufikisha mlangoni tu, na ninayemtafuta hapa ni yule ambaye watu humkabidhi mambo yao.

Nikisema ushawishi, nakusudia uwezo wa kumfanya mwenzako abadili nia bila kuogopa adhabu wala kutazamia malipo. Penye adhabu pana mamlaka. Penye malipo pana biashara. Nikisema kuaminiwa, nakusudia mtu akuachie kitu ambacho kikiharibika ataumia yeye, iwe siri, riziki au jina lake, kisha aende zake bila kukusimamia. Kwa maana hiyo, ushawishi wangu haukai kwangu. Unakaa kwa wale walioamua kunisikiliza.

Nafikiria Kenya ya mwanzoni mwa 2008. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa umezua mauaji ya watu zaidi ya elfu moja, na mamia ya maelfu walikuwa wameyahama makazi yao. Januari walifika Nairobi wasuluhishi watatu: Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel. Annan alikuwa ameondoka kwenye ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Mkapa ameondoka Ikulu ya Tanzania. Hawakuwa na jeshi. Tarehe 28 Februari, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia saini makubaliano ya kugawana madaraka. Tusiseme ni heshima ya watatu hao peke yake iliyoleta saini hizo: mataifa ya nje yalishinikiza, na wananchi wenyewe walikuwa wamechoka kuzika. Lakini shinikizo humleta mtu mezani tu. Akishakaa, anahitaji mtu wa kumwambia kile asichoweza kumwambia mpinzani wake.

Na Annan huyo ndiye aliyeongoza idara ya ulinzi wa amani ya Umoja wa Mataifa mwaka 1994, Rwanda ilipoangamia kwa mauaji ya kimbari. Miaka kumi baadaye alikiri hadharani kwamba angeweza, na alipaswa, kufanya zaidi. Kumbe anayeaminiwa si lazima awe hajawahi kushindwa. Labda tunachomtazamia ni kujua atasimama vipi mbele ya kushindwa kwake, maana hapo ndipo tunapokisia atayafanya nini makosa yetu yakiwa mikononi mwake.

Hapa linanijia swali linalonisumbua zaidi. Je, imani ya watu inaweza kutafutwa kama shabaha? Nikimsalimu mlinzi wa getini kila asubuhi kwa sababu nimeambiwa salamu hujenga ushawishi, nimemsalimu yeye au nimeisalimu faida yangu? Mtu atajibu kwamba nia haimhusu mlinzi, salamu ameipata. Jibu hilo lina uzito, kwani tabia njema nyingi huanza kwa sababu hafifu na kukomaa baadaye. Lakini imani huwekwa kwa ajili ya siku ambayo faida yangu na yako zitaachana njia. Fedha za mradi zimepotea, linatakiwa jina, na jina lako ndilo jepesi kulitaja. Aliyekuwa mwema kwa hesabu atapiga hesabu tena siku hiyo.

Kwa hiyo naona kinachoweza kutafutwa ni kustahili kuaminiwa. Kuaminiwa kwenyewe ni uamuzi wa mwingine, na uamuzi huo mara nyingi hauna haki. Wapo wanaostahili wasioaminiwa kamwe. Mwanamke atatoa wazo kikaoni lipite kama upepo, kisha mwanamume alirudie na lipigiwe makofi. Nasi tukitoka nje tunasema dada yule hana ushawishi, kana kwamba upungufu ni wake. Muuguzi mgeni akisema dozi hii inaonekana kubwa, na daktari akaendelea kuandika bila kuinua kichwa, huyo muuguzi angepaswa kujenga nini zaidi?